Vyumba Visivyolaliwa

Kila asubuhi chai ya Mzee Wakhisi ilifika ikiwa imepoa.

Jiko lilikuwa chini, nyuma ya nyumba. Mzee alilala juu, ghorofani, chumba cha mwisho. Mkewe, Nasambu, alipanda ngazi polepole. Mkono mmoja ulishika kikombe, mkono wa pili ulishika ukuta. Akifika katikati, alisimama apumue. Alipoingia chumbani, chai ilikuwa haitoi mvuke tena.

"Imepoa, Baba Lornah."

"Si... neno," Wakhisi alijibu.

Tangu apatwe na kiharusi, maneno yake yalitoka moja moja, kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Mguu wa kulia aliuburuta.

Nasambu alimwinua, akampangia mito mgongoni, akamshikia kikombe. Halafu alishuka kuleta mkate. Halafu akapanda. Halafu akashuka tena, kwa sababu dawa alikuwa ameisahau mezani. Jua lilikuwa bado changa, lakini magoti ya Nasambu yalikuwa yamechoka kama ya mtu aliyeshinda shambani.

Nyumba yao ilikuwa Nyamasaria, karibu na barabara ya kwenda Nairobi. Wakhisi aliijenga mwenyewe alipokuwa na nguvu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitoka Kimilili akiwa kijana, akaja Kisumu kutafuta kazi, akapata kazi, akapata mke. Kila mtoto alipozaliwa, aliongeza chumba. Watu wa mtaa walimtania: "Mzee, ukiendelea hivi nyumba itafika mbinguni." Naye alicheka, akanunua mawe mengine.

Siku hizo watoto waligombania bafu kila asubuhi. Sasa walikuwa wamekwenda zao. Lornah, kifungua mimba, alikuwa mwalimu Kakamega. Wekesa, wa mwisho, alifanya kazi Nairobi. Wale wa katikati walikuwa mbali zaidi.

Watoto walikwenda, lakini vyumba vilibaki. Vitanda vyao vilikuwa vimetandikwa. Kila Jumamosi Nasambu alifagia chumba baada ya chumba. Vumbi la barabara lilikuwa halichoki. Tena chumba kisicholaliwa huchafuka kuliko kinacholaliwa. Buibui hukiona ni chake. Juu ya chumba cha Wekesa, mabati yalikuwa yanavuja. Nasambu aliweka beseni chini ya tone. Kila mvua ilipokatika, alikwenda kulimwaga.

Maji ya mfereji hayakuwa na nguvu ya kufika juu. Kwa hiyo Nasambu aliyabeba kwa ndoo.

Ndivyo alivyoanguka.

Ilikuwa asubuhi. Alikuwa anapeleka maji ya kumwogesha mzee. Alipofika karibu na juu, ndoo iliyumba, maji yakamwagika, mguu ukateleza. Nasambu aliteremka ngazi akiwa amekaa, kishindo baada ya kishindo, mpaka chini. Ndoo ilimfuata.

"Nasambu!" mumewe aliita kutoka juu. "Nasambu!"

Nasambu alitaka kujibu. Pumzi ilikataa. Alikaa pale sakafuni, nguo zimelowa, akiangalia ukuta.

Akasikia kitu kizito kikidondoka huko juu. Akasikia mburuto sakafuni. Kisha akaona kichwa cha mumewe mwanzo wa ngazi. Wakhisi alikuwa amejitupa kutoka kitandani. Alikuwa amejivuta kwa mkono mmoja mpaka pale. Hakuweza kushuka. Nasambu hakuweza kupanda. Wakatazamana.

"Niko mzima," Nasambu alisema mwishowe. "Usisogee, Baba Lornah. Tafadhali usisogee."

Wakhisi alilia. Nasambu alikuwa hajamwona akilia tangu mzee amzike mama yake.

Wakakaa hivyo, mmoja juu na mwingine chini, mpaka Rahab alipobisha mlango.

Rahab alikuwa jirani yao. Alizaliwa Nyeri. Serikali ilimleta Kisumu kufanya kazi ya unesi, naye akazoea, akabaki. Alikuwa amestaafu, lakini mtaani bado walimwita Sista. Kila wiki alizunguka kuwapima wazee wa kanisa presha. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mzee Wakhisi.

Aliingia, akaona, akaweka mkoba chini.

"Mama Lornah, usisimame kwanza. Umegonga kichwa?"

"Hapana."

"Unaniona vizuri? Haya, sogeza vidole vya miguu. Sasa vya mkono. Wapi panauma?"

"Kifundo cha mguu. Na aibu."

"Aibu haifungwi bandeji," Rahab alisema. Alipapasa kifundo, akasema mfupa ni mzima lakini mshipa umevutika. Akatafuta kitambaa, akakilowesha maji baridi, akakizungusha pale. Kisha akapanda juu, akaita vijana wawili wa jirani, wakamrudisha mzee kitandani. Alimpima. Presha yake ilikuwa juu sana. Akashuka, akampima Nasambu. Yake nayo ilikuwa juu.

Rahab akakaa kwenye ngazi ya chini, karibu na Nasambu.

"Leo Mungu ametusaidia," alisema. "Lakini nitakwambia ukweli kama dada. Nyumba hii imewazidi."

Nasambu alikunja uso. "Nyumba haijanizidi, Sista. Ni maji tu yamemwagika."

"Na kesho?"

Nasambu alikamua pindo la nguo yake. Akasema, "Baba Lornah aliijenga kwa mikono yake. Nikimwambia tuhame, nitamwua."

"Sijasema mhame. Na leo hata usiamue. Mtu aliyechoka haamui neno kubwa. Akiwa amechoka sana atakubali lolote, ili mradi akae chini. Halafu anajuta. Tuanze na dogo. Kabla ya kuhama nyumba, hama chumba."

"Kuhama chumba vipi?"

"Mshushe mzee alale hapa chini, sebuleni. Wewe pia. Juu pafungwe. Mkae hivyo mpaka mvua hizi ziishe. Mtajua wenyewe mnahitaji nyumba ya ukubwa gani. Hakuna mtu atakayewaambia."

Jumapili baada ya ibada wanaume wa kanisa walikuja. Walimshusha Mzee Wakhisi kwa kiti, polepole, kama mtu anayebebwa siku ya sherehe. Walishusha kitanda. Makochi makubwa waliyasukuma ukutani. Nasambu alifunga mlango wa juu, ufunguo akautia kwenye mfuko wa aproni.

Siku za kwanza alipanda mara kwa mara. Alifuata blanketi. Alifuata kitenge cha kwenda kanisani. Alifuata miwani ya mzee. Kisha mahitaji yakapungua. Ikafika wakati akagundua kwamba hajapanda juu kwa muda, na hakuna alichokikosa.

Jambo hilo halikumfurahisha. Lilimtia huzuni. Alikaa kwenye kochi akafikiri: yaani vyumba vyote vile nilikuwa navifagilia nani?

Lakini kulala chini hakukumaliza shida. Choo cha chini kilikuwa chembamba, cha kuchuchumaa. Mzee hakuweza kukitumia bila kubebwa. Na mvua iliponyesha, Nasambu alilala akisikiliza matone ya chumba cha Wekesa, akijua kwamba kesho lazima apande amwage beseni. Nyumba ilikuwa kama mgonjwa wa pili. Na muuguzi alikuwa yeye mmoja.

Shule zilipofungwa, Lornah alikuja. Alimkuta mama yake amekonda, anatembea kwa kuchechemea. Alikasirika, kama watoto wanavyokasirika wanapoogopa. Alimpigia Wekesa simu, akaiweka mezani ili wote wasikie. Rahab naye alikuwepo, alikuwa amekuja kumpima mzee.

"Mama lazima auze nyumba hii," Lornah alisema. "Waje kwangu Kakamega."

"Kuuza?" sauti ya Wekesa ilipanda. "Nyumba ya baba haiguswi! Watu watasema tumeshindwa na wazazi wetu. Kama Kisumu imekuwa ngumu, si warudi Kimilili? Nyumbani ni nyumbani."

"Kimilili nani atampeleka baba kwa mazoezi? Hospitali yake iko hapa. Wewe uko Nairobi, unaongea tu."

"Na wewe nyumba yako ina vyumba vingapi, Lornah? Utamlaza baba wapi, jikoni?"

Walivutana. Nasambu aliangalia mikono yake. Alikuwa amechoka hata kusema nyamazeni.

Rahab ndiye aliyeingilia. "Samahani, wanangu. Mnamsemea mzee, na mzee yuko hapa."

Wote wakamgeukia Wakhisi. Alikuwa ameketi kitandani, shuka magotini. Ilikuwa kweli. Tangu augue, watu walikuwa wakimzungumzia mbele yake bila kumwuliza, kama anavyozungumziwa mtoto mchanga.

Rahab alisogeza kiti, akakaa usawa wa macho yake. "Mzee, wewe unataka nini?"

Wakhisi alifungua mdomo. Neno halikuja. Akaufunga. Akafungua tena.

"Hallo?" Wekesa aliita kwenye simu. "Hallo, mko hapo?"

"Tulia, Wekesa," Rahab alisema. "Baba yako anatafuta neno. Mpe nafasi."

Walingoja. Nje, pikipiki ilipita. Ikapita nyingine.

"Watu," Wakhisi alisema. "Nataka... kuona... watu." Akapumzika. Kisha akanyoosha mkono mzima kuelekea dari. "Kule juu... naona... mabati. Mabati ya watu... tu."

Nasambu alimtazama. Miezi yote hiyo alipanda ngazi akiamini kwamba mumewe hawezi kutengana na kile chumba. Hakuwahi kumwuliza. Alidhani kuuliza ni kumtukana.

"Na nyumba je?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Uliijenga wewe."

"Niliijengea... watoto," Wakhisi alisema. "Wame... wamekua."

Hapo Nasambu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya wanawe. "Mimi nimechoka."

Lornah aliisogeza simu karibu na mama yake. Kisha Wekesa akasema, "Mama, hukuniambia."

"Hukuuliza, mwanangu. Ulikuja Krismasi, ukakuta kitanda chako kimetandikwa. Ukalala, ukaenda."

Sauti ya Wekesa ilishuka. "Pole, Mama," alisema.

"Basi tuuze," Lornah alisema.

Rahab alitikisa kichwa. "Kuhama si lazima kuuza. Ukiuza leo na kesho nyumba mpya ikukatae, utarudi wapi? Wapangisheni watu hii nyumba. Kodi yao iwalipie nyumba ndogo. Kaeni huko msimu mmoja, miwili. Mkipaona pazuri, ndipo mtafikiria kuuza. Na mkifika hapo, mtafute wakili. Nyumba mume na mke wanayoishi, mmoja hawezi kuiuza bila mwenzake kukubali. Ndivyo sheria ya Kenya ilivyo. Akija dalali kumnong'oneza Mama Lornah peke yake, au mzee peke yake, mumfukuze."

Hata Wekesa alisema kwamba hilo lina akili.

Rafiki wa Lornah aliwaonyesha nyumba ya kwanza, huko Otonglo, upande wa barabara ya Busia. Ilikuwa mpya. Kuta zilikuwa nyeupe, sakafu ilimeremeta. Lornah aliipenda alipoingia tu.

"Mama, angalia vigae hivi!"

Nasambu aliangalia. Lakini Rahab alikuwa amempa maneno ya kwenda nayo. Usiitazame nyumba kwa macho tu, alimwambia. Itazame kwa magoti, na kwa siku ya ugonjwa. Nenda wakati wa mvua. Uliza majirani, usimwulize mwenye nyumba peke yake. Mzee mwenyewe aingie chooni, akae, asimame. Mlango upitishe watu wawili, yeye na anayemshika. Kisha jiulize swali moja: nikianguka hapa, nitamwita nani?

Nasambu alimwaga maji kidogo sakafuni, akakanyaga. Mguu ulitaka kwenda. Akashika ukuta. Alikwenda kwa jirani, akamkuta mama anayeuza mboga mlangoni.

"Mvua ikinyesha hapa panakuwaje?"

Mama wa mboga alicheka. "Mama, leta gambuti."

Nasambu alisimama uwanjani. Alitazama huku na huku. Kanisa lake lilikuwa upande mwingine wa mji. Wanawake wenzake walikuwa huko. Rahab alikuwa huko. Hapa hakuna aliyemjua hata jina.

"Ni nzuri," alimwambia Lornah. "Lakini nikianguka hapa nitamwita nani?"

Lornah alikuwa na majibu mengi, ila alipoutazama uso wa mama yake aliyameza. Wakarudi.

Nyumba ya pili ilipatikana Nyamasaria penyewe, kwenye mwinuko kidogo, nyuma ya kanisa. Haikuwa na uzuri wowote. Rangi ilikuwa imepauka. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na choo cha kukalia kilichokuwa ndani. Sakafu ilikuwa ya saruji ya kawaida, isiyoteleza. Milango ilikuwa mipana. Tangi la maji lilikuwa nje ya jiko. Baraza ilitazama njia ambayo watu wa mtaa walipita kwenda sokoni. Walikwenda siku ya mvua, wakaona maji yanateremka yanakwenda zake.

Mzee Wakhisi aliingia chooni akishikwa na Lornah. Kukaa aliweza. Kusimama akashindwa, mpaka akavutwa.

"Hapa panataka chuma cha kushikilia," Rahab alisema. Mwenye nyumba, mzee mpole aliyekuwa akiishi mtaa huo huo, alikubali kiwekwe.

Walimwita Wakoli, fundi aliyefundishwa kazi na Wakhisi mwenyewe. Wakoli alikuja na mashine yake na bomba la chuma. Aliliweka ukutani, akatazama nyuma.

"Hapa, Mzee?"

"Chini," Wakhisi alisema. Wakoli akashusha.

"Chini... kidogo. Hapo." Wakhisi alinyoosha mkono wake wa kushoto, akashika, akajaribu uzito wake. "Kaza. Mtu... ataning'inia hapo... si nguo."

Wakoli alicheka, akakaza. Alichomelea chuma kingine kwenye ukingo wa baraza. Wakhisi alikikagua kiungo kwa kidole, akamwambia akisugue tena. Siku hiyo alikuwa fundi mkuu. Aliporudi nyumbani alilala usingizi mzito.

Kilichobaki ni vitu. Hapo ndipo Nasambu alipotaka kuacha.

Nyumba kubwa ilikuwa imemeza vitu kwa miaka mingi. Makabati, viti, mapazia, magodoro, vyombo vya harusi na vya matanga. Nasambu alifungua kabati la kwanza, akakuta picha za watoto, akakaa chini na kuzitazama mpaka mchana. Hakuna alichofunga.

Rahab alimkuta hapo. "Umeanzia pagumu," alisema. "Picha ni za mwisho. Anza na vitu visivyokuliza. Anza na jikoni."

Walikwenda jikoni. Rahab alishika kitu kimoja kimoja, akauliza, "Umekitumia tangu mvua za mwaka jana?" Kama jibu ni ndiyo, kilikwenda kwenye sanduku la kuhama. Kama jibu ni la, Nasambu alitaja mtu wa kumpa. "Kabla mtu hajakiomba kwenye matanga yako, mpe ukiwa hai," Rahab alisema. "Utaona anavyofurahi." Vilivyokuwa vya watoto, watoto wangekuja kuvichukua wenyewe. Visivyochukuliwa visingehama.

Nasambu hakulia kwa ajili ya picha. Alilia kwa ajili ya sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa, ya kupikia watu wengi. Alikuwa ameipikia ugali wa sherehe na ugali wa misiba. Aliitazama nafasi ya jiko jipya kwa mawazo, akajua haitaingia.

"Sasa mimi nitampikia nani?" alisema, akafunika uso kwa kanga.

Rahab hakumhubiria. Alikaa kando yake kwenye kigoda mpaka kilio kikaisha. Kisha wakaibeba sufuria pamoja, huyu mkono huu, huyu mkono ule, mpaka kwa chama cha akina mama wa kanisa.

Wekesa alikuja kutoka Nairobi mwishoni mwa wiki. Alipanda juu, akakaa kwenye kitanda chake cha utotoni. Nasambu alimfuata akijikongoja mpaka mlangoni.

"Nilitaka niwe na pahali pa kurudi, Mama," Wekesa alisema bila kumtazama.

"Utarudi. Utalala kwenye kochi."

"Miguu itaning'inia."

"Itaning'inia kwa mama yako. Kuna ubaya?"

Wekesa alicheka kidogo, akafuta macho. Kisha alifungua kitanda mwenyewe, ubao kwa ubao, akakishusha.

Walihama asubuhi, kwa pikapu ya Wakoli. Haikuchukua muda. Nasambu alishangaa jinsi maisha yote yanavyoweza kuingia kwenye gari dogo. Alifunga lango, akampa Lornah ufunguo. Hakutazama nyuma. Si kwamba hakutaka. Shingo ilikuwa imechoka.

Siku za mwanzo hazikuwa rahisi, na Rahab alikuwa amewaambia hivyo. "Mtu mgonjwa akihamishwa hupotea kidogo," alisema. "Wekeni kitanda upande ule ule aliozoea kushukia. Taa ya chooni iwake usiku. Msimkaripie." Ilitokea kweli. Wakhisi aliamka akauliza hapa ni wapi. Nasambu alimwambia. Alimwambia tena na tena. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono kutafuta kabati ambalo halikuwepo. Alisikia nyumba ikiwa karibu naye mno, kama gauni jipya lililobana makwapa.

Kisha gauni likalegea. Alifagia, akamaliza, akabaki na fagio mkononi akitafuta mahali pengine. Hapakuwepo. Alipokuwa jikoni alimsikia mumewe akikohoa kitandani, akajua yuko salama bila kwenda kumwangalia. Kifundo cha mguu kilipona. Rahab alipompima presha, alitazama kipimo, akapima tena, akasema, "Hii ndiyo ninayoitaka." Kwenye nyumba kubwa iliingia familia ya mwalimu mwenye watoto wengi. Walipangishwa kwa mkataba ulioandikwa, mbele ya wakili. Kodi yao ilitosha kulipia nyumba ndogo, na pesa ya dawa ikabaki.

Mzee Wakhisi alishinda barazani. Waliopita kwenda sokoni walimsalimu. Wabukusu walisema mulembe, Wajaluo walisema oyawore, vijana walimwita Mkubwa. Mwanzoni aliinua mkono tu. Kisha akaanza kujibu.

Siku moja, adhuhuri, Nasambu alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda. Alimsikia mwanamke mchuuzi wa samaki akisimama langoni na beseni lake.

"Jaduong', leo kuna ngege. Mbichi kabisa."

"Lete... nione."

Beseni liliwekwa chini. Akasikia samaki wakigeuzwageuzwa.

"Hii... ndogo," Wakhisi alisema.

"Ndogo? Mzee, hii ndogo? Angalia tumbo!"

"Huyu... ni mtoto. Mrudishe... ziwani. Mama yake... anamtafuta."

Mchuuzi alipasuka kicheko. Alicheka mpaka mtu mwingine njiani akauliza kuna nini, naye akaelezwa, akacheka pia. Wakhisi alicheka nao, kicheko kilichopinda upande mmoja. Tangu augue hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mtu asiyemjua.

Nasambu alishika mkono wa kochi ili ainuke. Alitaka kwenda kumsaidia kuchagua samaki, kuhesabu chenji, kushika mfuko. Akasikiliza tena.

"Si huyo," Wakhisi alikuwa akisema. "Yule... wa chini. Unamficha... wa nini?"

Nasambu aliachilia mkono wa kochi, akaegemea nyuma. Ilikuwa mchana, vyombo vilikuwa bado havijaoshwa, na watu walikuwa wakibishana mlangoni pake. Alifumba macho, akalala.